Taa za Enesi Zilizowashwa Tunduma

Tangu Lusubilo amfungie mama yake zile taa, Enesi akawa mtu wa kuomba mwanga kwa simu. Hebu lifikirie jambo hili vizuri. Mwanamke wa miaka sitini na ushei, mwenye nyumba ya matofali ya kuchoma aliyoisimamisha kwa kahawa yake mwenyewe hapa Hasamba, anasimama katikati ya sebule yake gizani, anabonyeza kitochi chake, kile kisimu cha vibonye, na kupiga Tunduma. Simu inaita mpaka inakatika. Anapiga tena. Akibahatika, kijana anapokea huku malori yakipiga honi nyuma yake, na yule mama anasema kwa sauti ya mtu aliyekwenda kwa jirani kuomba chumvi, "Mwanangu, naomba taa ya jikoni." Kijana anacheka. "Jikoni tu, Mama? Haya, hiyo hapo." Taa inawaka, na Enesi anasema ahsante. Anamshukuru mtoto aliyemzaa kwa taa iliyo ndani ya nyumba yake, inayokula umeme anaolipia yeye.

Sijui wewe ungefanyaje. Enesi alivumilia, na kuvumilia si tabia yake.

Lusubilo ana duka la vifaa vya umeme pale Tunduma, karibu kabisa na mpaka, na wateja wake ni wa pande zote mbili, wetu na wale wa Nakonde, upande wa Zambia. Hana roho mbaya. Niseme hilo mapema kwa sababu baadaye sitakuwa na hamu ya kulisema. Jumapili moja alikuja na boksi la zile balbu ambazo bango la duka lake linaziita balbu janja, akazifunga nyumba nzima: sebuleni, jikoni, vyumbani, barazani, na moja kubwa nje chini ya paa, ya kumulika uwanja wote. Juu ya kabati akaweka kidude cha intaneti chenye vitaa vya kijani, akakataza mtu asikiguse. Kisha akatoa simu yake, akapitisha kidole, nyumba ikawaka. Akapitisha tena, ikazima. Akaigeuza taa ya sebuleni ikawa nyekundu, ikawa bluu, ikawa zambarau, rangi za baa kabisa. Majirani waliokuja kushangaa wakapiga makofi, na Enesi naye, tusimsingizie, alitabasamu.

Ugomvi ulianzia ukutani. Enesi, kama sisi sote, akienda kulala anazima taa kwenye swichi. Swichi ikizimwa, balbu inakosa umeme, na simu ya Lusubilo haiioni tena. Basi ikawa kila siku ni lawama kutoka Tunduma: "Mama, nani kazima swichi? Mama, si nilisema swichi zisiguswe?" Alipochoka kulalamika alirudi na bisibisi, akang'oa swichi zote, akaunganisha nyaya moja kwa moja ndani ya ukuta na kufunika matundu kwa vibao vyeupe vya plastiki. "Sasa hutasumbuka tena," akasema, akipangusa mikono. Na kwa kuwa umeme wetu huku unakatika na kurudi unavyotaka, akaziwekea balbu sharti: umeme ukirudi zibaki kama zilivyokuwa, zisijiwashe zenyewe zikamaliza yuniti za mama. Alifikiria kila kitu, isipokuwa mama mwenyewe atawashaje taa.

Alimletea simu ya kupapasa. Lakini vidole vya Enesi vimeshika jembe na kuchuma kahawa tangu utotoni, ngozi yake imekomaa, na kile kioo hakikuvisikia. Alibonyeza, alipapasa, alilamba kidole akajaribu tena, wapi! Na maandishi yote yalikuwa ya Kiingereza. Lusubilo akaichukua akaiuze, akaahidi kumletea kifaa kingine, kile unachokiamrisha kwa mdomo. "Wiki ijayo, Mama." Wiki hiyo ikawa haifiki.

Halafu taa zikaanza vituko. Enesi anakula, sebule inazima. Ananyanyuka kupapasa ukuta, sebule inawaka. Alidhani ni umeme mbovu, mpaka jirani yake Ikupa, yule anayeanzisha nyimbo kanisani, alipokwenda Tunduma kununua vitenge na kupita dukani kwa Lusubilo kumsalimia.

"Nimemkuta kazungukwa na watu, simu mkononi," Ikupa alimwambia Enesi aliporudi, bado ana vumbi la safari. "Anawaonyesha nyumba yako, Mama Lusubilo. Anasema, 'Hizi ni taa za bimkubwa, yuko mbali huko Hasamba. Tazameni, nazima. Tazameni, nawasha.' Na watu wanacheka."

"Wanacheka?"

"Wanacheka mpaka wanashikana mabega."

Siku hiyo Enesi alipiga simu Tunduma bila kuomba taa. "Lusubilo, mimi nimekuwa bidhaa ya dukani kwako? Unanizimia taa nikiwa na tonge mkononi ili watu wacheke?"

"Mama, ni biashara tu. Kidogo tu, mteja aone."

"Usirudie."

"Sirudii, Mama."

Sasa kuna jambo moja la huku kwetu ambalo Lusubilo analijua vizuri, maana amezaliwa nalo. Mgeni akiwa bado ameketi kwako, humzimii taa. Tangu enzi za koroboi ilikuwa hivyo: mwenye nyumba akiinua koroboi na kuingia nayo ndani, waliobaki nje wameambiwa waende kwao, tena wameambiwa vibaya. Umeme ulipofika, desturi ikahamia kwenye balbu. Unamsindikiza mgeni mpaka barabarani, mnaagana, unarudi, ndipo unazima. Mzee Ferdinand wa ng'ambo ya barabara aliwahi kuwazimia wakwe zake wakiwa bado wameshika vikombe, na mpaka leo mkewe akienda kwao anakwenda peke yake. Hasamba ukisikia mtu anasema "walituzimia taa", huna haja ya kuuliza kilichotokea.

Tumwache Lusubilo kidogo, nimtaje Gwantwa, kwa sababu bila yeye haya yote yangekuwa kichekesho.

Gwantwa alikuwa Mndali wa Ibaba, kule milimani Ileje. Aliletwa Hasamba akiwa bibi harusi. Mume akafa mapema, hawajapata mtoto, na wakwe wakamtoa nje yeye na godoro lake. Enesi ndiye aliyelibeba lile godoro kichwani mpaka kwenye chumba cha uani kwake, watu wakiangalia, na alipopita mbele ya wale wakwe aliwaambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Tangu hapo wakawa pamoja. Walipalilia pamoja, walichuma pamoja, walikoboa kahawa kwenye mashine ile ile ya mkono, mmoja anazungusha mwingine anamwaga maji. Lusubilo alikulia mgongoni kwa Gwantwa zaidi kuliko mgongoni kwa mama yake, kwa sababu mgongoni kwa Enesi mara nyingi kulikuwa na pampu ya dawa ya kahawa. Mtoto alimwita mama mdogo, na akiumwa alikuwa anamtaka yeye.

Mwaka huu Gwantwa aliugua tumbo na hakuinuka tena. Siku moja alimshika Enesi mkono, akaushika kwa nguvu ambazo Enesi hakudhani bado anazo.

"Kaka zangu watakuja na gari," alisema. "Usikubali wanirudishe Ibaba."

"Usiseme hayo."

"Nasema. Niliondoka kule msichana. Walionijua wamekufa, waliobaki hawanijui. Watanizika katikati ya watu walionisahau. Nizike hapa, mwisho wa ule mstari wa kahawa nilioupanda mwenyewe. Niwe nawasikia mkichuma."

"Nitakuzika hapo hapo," Enesi akasema. Kisha akaapa, naye si mtu wa kuapa ovyo.

Alipofariki, Enesi alipiga Tunduma. Lusubilo alilia kwenye simu, machozi ya kweli, mpaka malori yakasikika peke yake. Alisema mzigo wake umekwama mpakani lakini atafika siku ya kuzika.

"Sawa," Enesi alisema. "Sasa nisikilize. Watu watakaa hapa uwanjani, na ndugu zake wa Ibaba wanakuja. Washa taa zote, na usiziguse tena mpaka nikuambie. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Mama."

"Rudia nilichosema."

"Nisiziguse mpaka uniambie."

Basi. Hayo ndiyo aliyoyasema kwa kinywa chake, na mimi nayaandika hapa yabaki.

Watu wa Ibaba walifika kesho yake jioni na lori dogo, wamejifunga mashuka kwa baridi. Aliyewaongoza ni Tulinagwe, kaka mkubwa wa marehemu, mzee mrefu asiyetumia maneno mengi. Vijana wa Hasamba walikuwa wameshachimba kaburi mwisho wa mstari wa kahawa. Tulinagwe alilitazama, akarudi uwanjani na kukaa.

"Dada," alimwambia Enesi, "sisi tumekuja kumchukua mtu wetu."

Enesi akapiga magoti mbele yake. Alimweleza maneno ya Gwantwa, lile la mstari wa kahawa, lile la kuwasikia wakichuma. Hakulia, maana alijua akilia hatamaliza.

Tulinagwe alisikiliza mpaka mwisho. "Mtu wetu alitupwa nje hapa Hasamba pamoja na godoro," akasema. "Hilo tulilisikia, na hatukuja, na ni aibu yetu. Leo siwezi kumwacha tena mahali anapodharauliwa. Nitakaa hapa. Nitaona kama yuko kwa watu au yuko kwa majirani tu. Nikiona, nitasema."

Na kweli akakaa, akaona. Aliona wanawake wa Hasamba wamejazana kwenye mafiga, wanasonga ugali kwenye masufuria ya kanisa. Aliona wazee wakileta kuni bila kuombwa. Alimsikia Ikupa akianzisha tenzi na watu wakiitikia mpaka bondeni. Giza lilipoingia, ile taa kubwa ya nje ikawa inamulika uwanja mzima, mikeka, nyuso, vikombe, na kupitia mlangoni kila mtu aliliona jeneza jeupe la Gwantwa sebuleni, chini ya taa, limefunikwa kitenge chake cha kwenda kanisani. Tulinagwe alipokea sahani ya chakula, akala, akanawa mikono. Halafu akamwita Enesi.

"Nimeona," akasema. "Tutamzika hapa."

Enesi alimshika mzee mikono yote miwili, akaitikisa, akaenda kukaa kati ya wanawake, na ndipo machozi yakaja. Alikuwa ametimiza.

Wimbo wa pili haukufika katikati. Taa zikazima.

Zote kwa pamoja, uwanjani, barazani na sebuleni. Sauti zikakatika, mtoto mmoja akapiga kelele. Kabla mtu hajasema lolote zikawaka. Watu wakashusha pumzi, Ikupa akafungua mdomo aendelee, na taa ya uwanjani ikageuka bluu. Ikageuka kijani. Ndani sebuleni, jeneza jeupe likawa jekundu, likawa zambarau, likawa jekundu tena, na kitenge cha Gwantwa kikibadilika pamoja nalo. Kijana mmoja wa upande wa nyuma alicheka, cheko la kushtuka tu, lakini lilisikika. Kisha giza, na safari hii giza likabaki.

Enesi alikuwa ameshanyanyuka. Alikimbilia ndani akijigonga, akafika kwenye swichi kubwa ya mita, akaishusha, akaipandisha. Hakuna kitu. Akaishusha tena, akaipandisha. Hakuna kitu, kwa sababu mwanawe alishaziamuru balbu zisijiwashe zenyewe umeme unaporudi. Akapapasa ukuta mahali swichi ilipokuwa, akakuta kibao cha plastiki, akakikwaruza kwa kucha mpaka ukucha ukapasuka. Akatoa kitochi chake, akapiga Tunduma. Ikaita, ikaita, ikakatika. Akapiga tena. Haipatikani. Alitamani kuirusha ile simu ukutani. Alitamani ukuta wenyewe uanguke.

Huko nje watu walianza kuwasha tochi za simu zao. Sauti ya Tulinagwe ilitoka upande wa mikeka, haikupanda wala kushuka.

"Dada. Nani amezima?"

Enesi alisimama mlangoni. "Kaka, si mtu wa hapa. Ni mwanangu, yuko Tunduma. Taa hizi zinawashwa kwa simu."

"Mwanao. Yule aliyebebwa na dada yangu?"

"Ndiye."

"Alijua tuko hapa?"

Pale Enesi angeweza kudanganya. Watu wote wa Hasamba waliokuwa pale walimwombea adanganye, na Ikupa aliniambia yeye alikuwa ameshatunga uongo tayari mdomoni. Lakini jeneza lilikuwa nyuma yake.

"Alijua," Enesi akasema.

Tulinagwe aliinuka, na watu wake wote wakainuka. "Basi tumesikia," akasema. "Tumezimiwa taa. Mtu akizimiwa taa hangoji aambiwe tena kwa mdomo."

Wazee wa Hasamba walimzunguka, wakamsihi, wakamwambia ni mambo ya mashine, mtu asichukuliwe kwa mambo ya mashine. Aliwajibu kwa heshima na hakubadilika. Watu wa Ibaba hawakurudi kwenye mikeka. Walikaa kwenye lori lao barabarani, na chai waliyopelekewa ilirudi ilivyokwenda. Kulipopambazuka waliingia wanne, wakavua kofia, wakalibeba jeneza.

Enesi alishika ubao wa nyuma wa lori. "Kaka, nilimwapia."

"Na mimi nilikubali, umeshuhudia," Tulinagwe akamjibu kutoka juu. "Wewe huna kosa, dada, na hatugombani na wewe. Lakini mtoto aliyembeba mgongoni amemchezea taa kwenye jeneza lake. Hapo simwachi."

Lori likaondoka kuelekea barabara ya Ileje. Jua lilikuwa limeshatoka kabisa, watu wanakunja mikeka, pale nyumba ya Enesi ilipowaka ghafla, taa zote, nyeupe, barazani, sebuleni, uwanjani. Kijana alikuwa ameamka huko Tunduma na kukumbuka. Enesi alizitazama taa zile zikiwaka juani, na akatukana. Alitukana kwa Kinyiha, kwa sauti, mbele ya mchungaji, na mchungaji akatazama pembeni.

Lilibaki kaburi. Huku kwetu kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu. Wanaume wakakata mgomba, wakaushusha mle mwisho wa mstari wa kahawa mahali Gwantwa alipopataka, wakaufukia. Enesi alitupa udongo wake kama wengine. Wenzake walisubiri alie, lakini alikuwa amefura kwa hasira, midomo imekauka. Alirudi nyumbani, akamwita fundi Ombeni, na fundi alipouliza ni kazi gani, Enesi alimwonyesha vile vibao vyeupe.

"Vitoe vyote," akasema. "Nirudishie swichi zangu. Na balbu za kawaida, zile zisizojua kitu."

Lusubilo alipopiga simu aliambiwa maneno machache: wamemchukua, hakuna maziko, usije kuzika. Alikuja Jumamosi jioni kwa pikipiki, boksi jipya limefungwa nyuma. Enesi alimkaribisha barazani, akamletea chai, akakaa mbele yake. Taa ya barazani ilikuwa inawaka. Kijana hakuiangalia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba."

"Mama, samahani sana kwa yale. Nilipata mteja wa Nakonde, ana nyumba ya wageni, anataka kufunga vyumba vyote. Mtu mkubwa. Nikamwonyesha kidogo tu zile rangi. Kafurahi, 'natotela, natotela', ahsante juu ya ahsante, kanishika mkono tukatoka kupanga mzigo. Nikasahau kurudisha. Simu nayo chaji ikaisha. Ni bahati mbaya tu, Mama. Sasa nimekuletea dawa ya jambo hili." Akaanza kufungua boksi. "Hiki ndicho kile kinachosikia maneno. Hutanipigia tena. Unakiambia tu kwa mdomo, washa, zima, chenyewe kinafanya. Tukio kama lile haliwezi kutokea tena."

Enesi alimwacha amalize. "Umepita kaburini?"

"Kaburi gani? Si walimchukua?"

"Lile la mgomba."

Lusubilo akageuza kikombe mkononi. Kwa kitambo kidogo alionekana kama yule mtoto aliyekuwa akiumwa. Enesi aliliona hilo, na nakuhakikishia, moyo wake ulitaka kulainika. Akampa nafasi.

"Mwanangu, utakwenda Ibaba," akasema. "Utakaa chini mbele ya mzee Tulinagwe, umwambie kwa kinywa chako ulichofanya. Kisha uombe uonyeshwe alipolala mama yako mdogo."

"Nitampigia, Mama. Namba yake nitaipata. Na rambirambi nitatuma kwa simu, nzuri tu."

"Sikusema upige. Nimesema uende."

"Ibaba, Mama? Kwa barabara ile? Na duka nimwachie nani, huyu mteja wa Nakonde anachukua mzigo kesho kutwa." Akanywa funda la chai, akatabasamu, tabasamu lile lile la siku ya kwanza alipoiwasha nyumba kwa kidole. "Wiki ijayo, Mama. Wiki ijayo nitakwenda, nakuahidi."

Enesi akainuka, akaingia ndani.

Taa ya barazani ikazima.

"Umeme umekatika?" Lusubilo aliuliza. Alitazama ng'ambo ya barabara: kwa Ikupa kulikuwa kunawaka, kwa mzee Ferdinand kulikuwa kunawaka, Hasamba nzima ilikuwa inawaka. Kwa mazoea akatoa simu yake, akapitisha kidole. Simu ikamwambia haioni taa yoyote. Akapitisha tena. Kisha mkono ukasimama, kwa sababu alizaliwa hapa, na alikuwa bado ameketi, na kikombe kilikuwa bado kina chai.

Enesi alikuwa amesimama nyuma ya mlango, kidole kikiwa bado juu ya swichi. Alimsikia akiita, "Mama?" Alimsikia akitafuta viatu kwa miguu, akigonga stuli. Halafu pikipiki ikanguruma, ikaondoka polepole. Aliposikia imeshaingia barabarani akawasha taa, akatoka kuchukua kikombe.